Mbayuwayu Wamerudi

Masomo: Yeremia 8:4-7, Mathayo 5:23-24



Katika likizo fupi ya shule, mwezi wa Septemba, tulikwenda Tanga pamoja na watoto wetu. Dada yetu aliolewa huko miaka mingi iliyopita, na kila mwaka alikuwa akituita, nasi kila mwaka tulikuwa na udhuru. Safari ni kiasi cha kilomita 350, na wengi wenu mwaijua njia: Himo, Mwanga, Same, milima ya Upare upande wa kushoto na joto likizidi kwa kila kituo, kisha Mombo na Korogwe, mashamba ya mkonge, machungwa ya Muheza, hata harufu ya chumvi ikaingia dirishani. Watoto tulikuwa tumewaahidi bahari. Hatukujua kwamba tungerudi na mahubiri, tena mahubiri ambayo wasikilizaji wake wa kwanza tulikuwa sisi wenyewe.

Shemeji yetu ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache, na furaha yake ni ndege. Ana darubini ya zamani yenye kamba iliyofungwa mafundo mawili, na daftari ambalo humo ameandika tarehe za ndege kwa miaka mingi: siku walipoonekana mara ya kwanza, na siku walipotoweka. Tulidhani ni mchezo wa mzee asiye na kazi. Asubuhi ya pili alituamsha kabla ya chai, akatuongoza hadi ufukweni penye mikoko, kwa maana maji yalikuwa yamekupwa.

Kwa watu wa mlimani pwani wakati wa kupwa ni jambo la ajabu. Bahari haipo. Yamebaki matope yanayong'aa hata mbali, na wanawake wenye ndoo wanatembea mahali ambapo jana ngalawa zilikuwa zikielea. Mtoto wetu wa mwisho aliuliza ni nani aliyeimwaga. Na juu ya matope yale walikuwako ndege kwa mamia, kila mmoja akidonoa kana kwamba amelipwa kwa saa.

Shemeji alituonyesha kwanza vitwitwi, ndege wadogo wa rangi ya vumbi, wenye mdomo mwembamba uliopinda kidogo chini. Ukimshika mmoja mkononi, alisema, uzito wake hauzidi sana yai la kuku. Tukamwuliza wanakaa wapi. Akajibu: "Siberia." Tulidhani anatania. Ndege hawa hutaga kaskazini kabisa mwa Urusi, katika nchi ya barafu, wakati wa majira yao mafupi ya joto mwezi wa Juni na Julai. Kisha wazazi huondoka kwanza, na makinda huja nyuma baada ya wiki kadhaa, peke yao. Fikirini jambo hili, wapendwa. Mtoto wa ndege aliyetoka katika yai mwezi wa Julai, ambaye hajapata kuiona Afrika, wala mama yake hayupo wa kumwonyesha njia, anafika katika matope ya Tanga mwishoni mwa Septemba.

Halafu alituonyesha wengine wa namna tofauti kabisa. Ni ndege wakubwa kiasi, weupe, wenye mgongo mweusi na miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Chakula chao hasa ni kaa. Hawa hutaga katika pwani za joto za Uarabuni na Ghuba, na kiota chao ni shimo refu walilolichimba mchangani, na humo mara nyingi huweka yai moja tu. Mtoto huyo mmoja hawamwachi. Husafiri naye kuja huku kwetu, na hata hapa, kwa miezi kadhaa, humlisha. Tulimwona mmoja kwa macho yetu, kijana mwenye manyoya ya kijivu, karibu sawa na mzazi wake kwa kimo, akimfuata nyuma na kulia kwa sauti ya kubembeleza mpaka akapewa kaa. Binti yetu alisema, "Huyu mbona mkubwa na bado analishwa?" Mama yake akamtazama tu, na kaka zake wakacheka, kwa maana yeye mwenyewe amemaliza kidato cha nne na sahani haoshi.

Tulikaa pale hata maji yakaanza kurudi. Shemeji akaeleza kwamba itakapofika mwezi wa Aprili wote hawa watanenepa, watahangaika, kisha asubuhi moja utakuta matope matupu. Chakula kingalipo. Joto lingalipo. Lakini saa yao imefika, nao wanaijua. Kisha, bila kugeuza uso kutoka katika darubini, akauliza: "Na kaka yenu wa Dar es Salaam, shemeji, Krismasi hii atapanda?"

Hatukumjibu. Wimbi lilikuwa likija, tukasema watoto wataloa, tukaondoka.

Yatupasa sasa kuwaambia neno ambalo wengine wenu mnalijua na wengine hamlijui. Sisi tuliopewa kazi ya kuwahubiria tuna ndugu, mzaliwa wa kwanza wa baba yetu, ambaye hajakanyaga nyumbani kwa Krismasi saba. Mnajua desturi ya Uchagani. Mwezi wa Desemba mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa, na watani wetu husema Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Mtu aliyekosa fedha atakopa, na mwenye gari bovu ataliombea, mradi awepo mlimani kwa mama yake wakati wa sikukuu. Mtu asipopanda, watu huuliza. Miaka mitatu ya kwanza waliuliza. Siku hizi hawaulizi tena, na hilo ndilo baya zaidi.

Chanzo ni kihamba. Kwa mila zetu mtoto wa mwisho hubaki katika nyumba ya baba, na wa kwanza hupewa sehemu yake jirani. Sisi ni wa mwisho. Baba alipokuwa hai aliweka mpaka kwa masale, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyeutilia shaka. Baada ya kumzika tulijenga zizi la ng'ombe, nafasi ikatubana, tukang'oa masale kadhaa na kuyapanda tena upande wa pili wa safu tatu za migomba. Tulijiambia kwamba kaka yuko mjini, hali hizo ndizi, na mtu akiona migomba inakauka bila mwenyewe ni dhambi. Alipokuja kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu ya baba aliyaona masale yale, yangali machanga. Maneno yalisemwa mbele ya wageni, ya kwake na ya kwetu, na ya kwetu yalikuwa mabaya zaidi. Aliondoka kabla ya chakula.

Kwa miaka hii saba, ndugu wapendwa, tumesimama kila Jumapili mbele yenu na kuwaambia mpeane amani. Mmegeukiana, mmeshikana mikono, nasi tumeshika mikono yenu. Kisha tumeikaribia Meza ya Bwana.

Jumapili tuliyokuwa Tanga tulikwenda kanisani pamoja na wenyeji wetu. Kanisa la upande ule lililelewa na wamisheni wa UMCA, waliofika Magila katika miaka ya 1860, nasi wa huku tumelelewa katika mapokeo ya CMS, kwa hiyo kuna mambo yaliyotushangaza kidogo. Uvumba ulikuwa mwingi, na mtoto wetu wa mwisho alikohoa tangu mwanzo hata zaburi. Lakini ilipofika saa ya kupeana amani, ni maneno yale yale. Shemeji alitushika mkono, akautazama kwa muda mrefu kuliko desturi. Jioni ile alifungua Yeremia sura ya 8.

Huenda mwaujua mstari wa 7, ambapo nabii anawataja ndege wa safari, mbayuwayu miongoni mwao, kwamba kila mmoja ajua wakati wake aliowekewa na kuutunza, ila watu wa Mungu hawaijui hukumu ya Bwana wao. Yeremia hakuyatoa hayo kitabuni. Nchi yake iko katika njia kuu ya ndege wanaotoka Ulaya na Asia kuja Afrika. Hata leo korongo weupe wapatao nusu milioni hupita juu ya nchi ile wakienda na wakirudi, na baadhi yao ndio hao hao tunaowaona katika tambarare za kaskazini mwa nchi yetu. Nabii alisimama, akatazama juu, akawaona wakipita kwa siku zao, kisha akatazama chini, akauona Yerusalemu.

Lakini shemeji hakuanza na mstari wa 7. Alianza na wa 4, ambao sisi tulikuwa tumezoea kuupita. Hapo Bwana anauliza maswali mawili mepesi kama ya mtoto: mtu akianguka, je, hainuki? Mtu akigeuka na kwenda zake, je, harudi? Ndiyo maana ndege wanaletwa baadaye. Kuwasifu kwa kujua kwenda si shabaha ya nabii, kwa kuwa kwenda hata sisi twajua. Anawasifu kwa kuwa wanarudi.

Hapo tukajitetea. Tukasema kwamba aliyeondoka ni kaka, na mwenye kurudi awe yeye. Tukasema kwamba ana kiburi, kwamba fedha za mjini zimemgeuza, kwamba mkewe, ambaye si mtu wa huku, amemzuia. Shemeji alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Amewaambia haya lini?" Hakutuambia. Hatukuwa tumempigia simu tangu mwaka ule.

Tukalala na neno hilo, na asubuhi shemeji, akinywa chai, akatusimulia habari za mbayuwayu, kana kwamba ameyaacha yale ya jana.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walikuwa wakiwaona mbayuwayu wakitoweka kila mwaka baridi inapokaribia, wasijue wanakwenda wapi. Na kwa kuwa hawakujua, walitunga. Mwaka 1555 Olaus Magnus, Askofu Mkuu wa Uppsala, aliandika kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa wakati wa baridi, na kwamba wavuvi huwavuta kwa nyavu wakiwa wameshikamana pamoja. Zaidi ya miaka 200 baadaye alikuwako kasisi wa Kanisa letu la Anglikana huko Selborne, Uingereza, jina lake Gilbert White, mtu mwangalifu sana, ambaye kitabu chake cha mwaka 1789 kinasomwa hata leo na wapenzi wa viumbe. Hata yeye, aliyewatazama mbayuwayu kwa miaka mingi, hakuacha kabisa kudhani kwamba baadhi yao hujificha mahali fulani karibu na nyumbani. Mwaka 1911, mwezi wa Mei, mtu mmoja katika jimbo la Staffordshire alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni. Tarehe 23 Desemba, 1912, ndege huyo akakamatwa katika shamba moja huko Natal, kusini mwa Afrika, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka pale. Ndege wa gramu 20 hivi! Naye akiokoka, hurudi tena kutaga katika kijiji kile kile alikotaga, mara nyingi katika banda lile lile.

"Basi," alisema shemeji, "miaka yote hiyo wasomi walikuwa wakisema yuko matopeni, na yeye alikuwa juu ya vichwa vya watu wa Moshi. Mtoto yeyote wa Moshi angewaambia, kama wangeuliza."

Hatukuhitaji kufafanuliwa. Tulikuwa tumemlaza kaka yetu katika tope la kutunga sisi wenyewe, tukamwekea na mke wa kumzuia, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuuliza.

Tulirudi Moshi mwanzoni mwa Oktoba. Jioni ya kwanza watoto walituita nje. Juu ya uwanja wa mpira, mahali nyasi zilipokuwa zimekatwa, mbayuwayu walikuwa wakipita chini chini, wakizunguka na kurudi. Tuna mbayuwayu wetu wa kudumu hapa, wanaojenga viota vya udongo chini ya paa na kulichafua baraza. Hawa walikuwa wageni: koo jekundu la kutu, mshipi wa buluu nyeusi kifuani, mkia wenye ncha mbili ndefu. Binti yetu, ambaye sasa amekuwa mtaalamu, aliwaeleza jirani zetu kwamba hawa hukaa nasi hata Machi au Aprili, hula wadudu wetu na kulala katika matete yetu, lakini kiota hapa hawajengi. Jirani akasema, "Kama sisi huko Dar." Alikuwa na maana ya kuchekesha. Mtu aweza kukaa Kariakoo miaka 30, akalea watoto huko na kuzika rafiki huko, na ukimwuliza kwao ni wapi atakutajia Kibosho, au Mamba, au Machame.

Kesho yake tulipanda kwa Mama. Yuko katika miaka ya themanini, na macho yake yamefifia, lakini migomba yake anaijua kwa kuipapasa. Tulitembea naye hadi zizini, kisha hadi kwenye masale. Akashika jani moja, akasema, "Haya si ya baba yenu." Saba nzima ya miaka alikuwa akijua. Hakuwahi kutusema, wala kwa kaka hakuwahi kututetea. Alikuwa akingoja, na kwa kweli hatujui kama kungoja kwake kulikuwa huruma au hukumu.

Sasa liangalieni neno la Bwana katika Mathayo sura ya 5. Mara nyingi tumelihubiri vibaya. Tumelisema kana kwamba Bwana anazungumza na mtu mwenye kinyongo, kwamba aondoe hasira yake ndipo atoe sadaka. Sivyo anavyosema. Anazungumza na mtu aliye madhabahuni, ambaye moyo wake yeye pengine ni mtulivu kabisa, na hapo akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Haulizwi kama neno hilo ni la haki. Aiache sadaka pale pale, aende kwanza. Tena yule aliyekosewa yuko mbali, labda Galilaya, mwendo wa siku nyingi kutoka hekaluni, na mwana-kondoo amefungwa anangoja. Bwana alijua umbali huo alipokuwa akisema.

Mababa zetu kabla ya kuisikia Injili walikuwa na njia yao kwa jambo la namna hii. Mtu aliyekosa humpelekea aliyekosewa jani la sale, na aliyeletewa ni vigumu sana kulikataa. Yako mambo ya zamani ambayo Kanisa lilifanya vyema kuyaacha, lakini hili hatuoni lina dhambi gani. Mmea ule ule unaoweka mpaka ndio unaoomba msamaha. Tumeufikiri jambo hili mara nyingi tangu Tanga, na tunakiri kwamba sisi tuliutumia kwa kazi ya kwanza na kuisahau ya pili.

Jumamosi ile tuliyang'oa masale yetu na kuyarudisha mahali pa baba. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Mizizi yake ni ya ukaidi. Migomba mitatu iliyokuwa na mikungu tuliiacha ilivyo, ni ya kaka. Mpwa wetu anayesoma Dar es Salaam alikuwa nyumbani kwa siku chache, tukampa jani moja kutoka upande wa juu, lile ambalo Mama alilichagua kwa mkono wake. Barua tuliandika mara nne. Ya nne ilikuwa fupi kuliko zote, na haikuwa na neno "lakini."

Majilio yanakaribia. Wako kati yenu wenye jambo kama hili, na wengine mmekuja kutuambia mlipoona kwamba tumekosa kushiriki Meza ya Bwana kwa Jumapili tatu zilizopita, mkitaka kujua kama tu wagonjwa. Hatuumwi. Kasisi mwingine ataadhimisha hata tutakapopata neno. Mwenye haja ya mtu wa kumpelekea ujumbe, au wa kuandika naye barua, atatukuta kanisani kila Jumamosi alasiri, nasi hatutamwuliza ni nani aliyeanza.

Kijana aliliweka jani ndani ya Biblia yake lisije likakunjika, akaondoka kwa basi la alfajiri siku ya Jumatatu. Amepiga simu kusema alilikabidhi mkononi, na kwamba baba mkubwa alilipokea, akaingia chumbani, hakutoka mpaka yeye alipoaga. Zaidi ya hayo hatujui. Mama ameagiza godoro la chumba cha nje litolewe juani, na kila siku anauliza kama limekwisha kukauka.

Sisi ndugu zenu katika Kristo.